Idi si ugonjwa

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu akina mama Waislamu wanaolea watoto Uingereza. Habari ya chakula cha halali mmeieleza vizuri, ila mmeiruka Idi, ambayo huko si sikukuu ya taifa.

Niliishi London miaka sita. Asubuhi ya Idi yetu ya kwanza nilipiga simu shuleni nikasema mwanangu anaumwa tumbo, naye yuko mbele yangu na kanzu mpya, mdomo umejaa tambi. Niliogopa faini. Kumbe Sheria ya Elimu ya 1996 inamruhusu mtoto kukosa shule siku iliyotengwa kwa ibada ya dini yake, na kwenye rejista ina alama yake, R. Jirani zangu, Wasomali na Wazanzibari, nao walikuwa wakidanganya vilevile (Mungu atusamehe).

Nashauri misikiti ya huko iwaandalie wazazi barua fupi ya kupeleka shuleni mapema, Ramadhani ikianza. Itaje siku zote mbili zinazowezekana, maana mwezi ukiandama usiku, ofisi ya shule imeshafungwa.

Mama wa watoto watatu,
Tanga