Kwa mpwa wangu wa Baltimore, kuhusu kijana unayemwita garasa

Mpwa wangu,

Shikamoo yako imenifikia kupitia kwa mama yako. Marahaba. Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye kundi la familia, kila tukianza kuzungumza besiboli, shangazi zako humwaga picha za maua na salamu za Ijumaa hadi mada inakufa. Hapa angalau atakayechoka atafunga ukurasa aende zake.

Niliyasoma uliyoyaandika kuhusu Jackson Holliday msimu wa 2025 ulipoisha. Garasa, ulisema, na kwamba Orioles wamuuze mapema wakati bado yupo wa kumnunua. Sikukujibu siku ile kwa sababu ulikuwa umekasirika, na mimi pia timu ilikuwa imenichosha. Kupoteza michezo 87 kati ya 162 si jambo la kujibizana nalo usiku.

Kwa wanaopita hapa bila kuujua mchezo huu, niwape machache. Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani hugawana vijana wapya kwa mnada usio wa pesa unaoitwa drafti: timu huita majina kwa zamu. Mwaka 2022 Baltimore Orioles waliita jina la kwanza kabisa, na jina lilikuwa la Holliday, kijana wa miaka 18 aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza sekondari mjini Stillwater, Oklahoma. Walimpa dola milioni 8.19 za kusaini. Baba yake, Matt Holliday, alicheza Ligi Kuu miaka mingi na kutwaa ubingwa na St. Louis mwaka 2011. Yaani mtoto ana jina, ana damu na ana mkono wa kushoto mzuri wa kupigia. Mwaka 2023 alipanda ngazi nne za ligi za chini ndani ya msimu mmoja: Delmarva, Aberdeen, Bowie, kisha Norfolk. Tatu za mwanzo ziko hapa hapa Maryland, kwa hiyo mwenye gari na mafuta aliweza kumfuata kama watu wanavyofuata mwenge. Wewe ulimfuata. Msimu wa 2024 ulipokaribia, wapangaji wa orodha za makinda walimweka namba moja Marekani nzima.

Akapandishwa Aprili 10, 2024, mjini Boston, akiwa na miaka 20. Siku hiyo hakupata pigo hata moja. Michezo kumi ya kwanza ilikuwa hivi: zamu 34 za kupiga, mapigo 2, na mara 18 akatolewa kwa straiki tatu, yaani nafasi tatu za kupiga zikampita. Kabla mwezi haujaisha walimrudisha Norfolk.

Nakumbuka kilichotokea mitandaoni. Simba na Yanga tumeyaona haya mara ngapi? Mchezaji anapokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma na matarumbeta, baada ya mechi tatu watu haohao wanauliza nani alimleta. Tofauti ni kwamba kwetu mapokezi huwa ya siku moja. Holliday alipokelewa kwa miaka miwili kabla hajagusa Camden Yards, uwanja wa Orioles, na mapokezi ya miaka miwili huacha deni kubwa.

Hapo kwenye deni ndipo ninapotaka tuongee. Unadai, na madai yako ni halali, ila umekwenda kugonga nyumba siyo.

Rudi mwaka 2018. Orioles walipoteza michezo 115. Novemba mwaka huo wakamwajiri Mike Elias kutoka Houston kusimamia upangaji wa kikosi, naye akaja na mpango ambao kila mtu aliuelewa hata pale usipotamkwa waziwazi: uza wakubwa, kusanya watoto, vumilia vipigo. Mwaka 2019 vipigo vikawa 108. Mwaka 2021 vikawa 110. Ulikuwa mdogo bado, ukienda shule na kofia ya ndege yule wa rangi ya chungwa, nembo ya Orioles, huku wenzako wakivaa za Yankees, ukinieleza kwamba tusiwe na haraka, kuna watoto wanakuja. Nani alikufundisha maneno hayo? Klabu. Kwa miaka kadhaa waliuza tiketi, soda na jezi kwa ahadi ya kesho, kwa sababu leo hawakuwa nayo.

Na utaratibu wa wakati ule ulikuwa rahisi: anayeshika mkia ndiye anayetangulia kuchagua. Vipigo 110 vya mwaka 2021 ndivyo vilivyoipatia Baltimore nafasi ya kwanza mwaka 2022. Kwa maneno mengine Holliday alilipiwa kwa vipigo vile, na mliokaa vitini kuvitazama ndio mliomlipia. Kwa hiyo naelewa kwa nini mnamtazama kama mali yenu. Lakini mwaka 2021, Orioles walipokuwa wakipigwa michezo 19 mfululizo mwezi wa Agosti, yeye alikuwa Oklahoma akifanya hesabu za darasani. Mkataba ule wa kuuza kesho hakuusaini. Waliousaini wana ofisi na wana majina, na mwaka 2025 walipata pa kujificha kwa sababu ninyi mlikuwa mnamzomea mtoto.

Maana hebu tuutazame mwaka 2025 wenyewe. Timu iliyoshinda michezo 101 mwaka 2023 ilimwacha mrushaji wake bora, Corbin Burnes, aende Arizona kwa dola milioni 210 za miaka sita. Pengo likazibwa kwa kumleta Charlie Morton, mwenye miaka 41. Nampenda Morton, ni mtu mwungwana, lakini miaka 41! Warushaji wakaporomoka kuanzia Aprili, meneja Brandon Hyde akafukuzwa Mei, na Elias aliyekipanga kikosi akabaki kitini pake. Holliday mwaka huo alipiga wastani wa .242 na kuvusha mpira uzio mara 17. Kijana wa miaka 21. Wastani huo maana yake ni pigo safi karibu mara moja katika kila zamu nne, na ndivyo Ligi Kuu nzima inavyopiga siku hizi. Si nyota bado, sibishi. Ila garasa hawi hivyo.

Wewe utasema: mjomba, nyota wengine hawakuanza hivi. Wengi walianza vibaya kuliko unavyodhani. Willie Mays alipoingia New York Giants mwaka 1951 alikuwa na miaka 20 kama huyu, na katika zamu zake 26 za kwanza alipata pigo moja tu. Mwisho wa msimu alikuwa mchezaji mpya bora wa ligi. Aaron Judge mwaka 2016 alitolewa kwa straiki nusu ya zamu zake, 42 kati ya 84, na mwaka uliofuata akavusha mpira uzio mara 52.

Lakini sitaki kukutuliza kwa mifano hii, kwa sababu inadanganya. Tunamkumbuka Mays wa mwezi Mei kwa sababu tunamjua Mays wa miaka ishirini iliyofuata. Wapo walioanza vibaya na kuendelea vibaya, na hao hawawekwi kwenye hadithi za kutiana moyo. Mark Appel alikuwa jina la kwanza mwaka 2013. Wa pili alikuwa Kris Bryant, ambaye miaka mitatu baadaye alikuwa mchezaji bora wa ligi yake na bingwa na Cubs. Appel alichoka, akaumia, akaacha mchezo mwaka 2018, akarudi, na akakanyaga Ligi Kuu kwa mara ya kwanza mwaka 2022 akiwa na miaka 30, kwa Philadelphia. Alirusha michezo sita. Jarred Kelenic wa Seattle walimsubiri kama mvua ya masika; mwaka 2021 alipiga .181, kukiwa na kipindi cha zamu 39 bila pigo. Mwaka 2023, alipokuwa ameanza kuamka, alipiga teke pipa la maji kwa hasira baada ya kutolewa kwa straiki, akavunjika mguu. Aliomba radhi mbele ya waandishi huku machozi yakimlenga. Kila nikifikiria makelele yale ya mashabiki najiuliza teke lile lilianza siku gani hasa.

Kwa hiyo Holliday anaweza kuwa Judge, anaweza kuwa Kelenic, na uwezekano mkubwa zaidi atakuwa kitu cha katikati ambacho hakina jina la kuvutia. Hicho cha katikati ndicho ambacho mashabiki hatukijui kukipokea. Muulize Matt Wieters. Hukuwahi kumwona vizuri, lakini mwaka 2009 mji huu ulimsubiri mdakaji yule kwa wazimu. Kulikuwa na tovuti nzima ya utani ikieleza miujiza yake kabla hajacheza mchezo mmoja wa Ligi Kuu. Kisha akaja, na alikuwa mzuri kweli: mara nne kwenye kikosi cha nyota wote, Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi, mara mbili, mchujo wa 2012 na 2016 yeye akiwa nyuma ya sahani, mahali pa mdakaji. Mpaka leo, kaa na mzee yeyote wa Baltimore, atakwambia Wieters hakufika. Hakufika wapi? Kwingineko mtu mwenye maisha hayo wangemjengea sanamu. Alishindana na Wieters wa ile tovuti, na huyo hakuna aliyewahi kumshinda.

Kuhusu ugumu wenyewe nitasema kidogo, maana wewe umecheza shuleni na unaujua. Mpira wa maili 95 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Norfolk wapo wanaorusha hivyo. Ila huku juu kila mrushaji ana watu na kamera za kumweleza ni sehemu gani unakosea, na wakishaijua watakutupia hapo hapo kila siku mpaka ujirekebishe, kisha watatafuta nyingine. Colton Cowser wetu wa Orioles unamkumbuka? Mwaka 2023 alipiga .115 wakamrudisha chini. Mwaka 2024 akavusha mara 24 na kushika nafasi ya pili katika kura za mchezaji mpya bora. Mwaka 2025 akashuka tena hadi .196. Sasa niambie huyo ni nani, na uniambie ulivyomwita kila mwaka.

Sisi wenyewe watu wa Afrika Mashariki hatuko nje ya ugonjwa huu. Dennis Kasumba, yule mdakaji wa Uganda aliyejulikana kwa video za mazoezi yake, alipokuja kuchezea timu ya Frederick Keys mwaka 2023, saa moja tu kutoka kwako, nilisikia watu wetu wakiuliza ataingia Ligi Kuu mwezi gani. Mwezi gani! Kijana ametoka kujifundishia kwa matairi ya gari.

Na zile kadi za picha za wachezaji, ambazo watu hununua na kuuziana. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Ulinunua kadi za Holliday bei ikiwa juu, na najua zimeshuka. Soko hilo linakula watu wazima wenye akili zao. Mwaka 2025 kadi moja ya Paul Skenes wa Pittsburgh iliuzwa kwa dola zaidi ya milioni moja, na kila mwenye kadi drooni akaanza kupiga hesabu. Lakini ukishaweka pesa kwa mtu huwezi tena kumtazama akicheza. Unatazama bei. Julai 31, 2024, siku Holliday aliporudi na kupiga mpira ule dhidi ya Toronto, besi zote, yaani vituo vya kukimbilia, zikiwa na watu wa timu yake, ukatua Mtaa wa Eutaw nyuma ya uzio, ulinipigia simu. Jambo la kwanza ulilosema halikuwa kwamba umeona pigo zuri. Ulisema zimepanda.

Siku hiyo nilikuwa na furaha kuliko wewe, na mimi sina hata kofia.

Simaanishi uache kuzomea. Tiketi umelipa, na mchezaji anayepokea mamilioni hataumwa na sauti yako kutoka viti vya juu. Mzomee asipokimbia kwenda besi ya kwanza, mzomee akilala kwenye ulinzi. Ila ukitaka kuuliza ile kesho waliyokuuzia mwaka 2019 imekwenda wapi, geuka uelekee ghorofani, kwenye vyumba vya vioo.

Maana wameshaanza kutuuzia mwingine. Agosti 2025 walimpandisha Samuel Basallo, mdakaji kutoka Jamhuri ya Dominika, miaka 21, na kabla wiki haijaisha wakampa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 67. Alimaliza msimu na wastani wa .165. Katikati yake, Septemba 5, akampiga Tanner Scott wa Dodgers mpira uliomaliza mchezo, na wewe ukanitumia ujumbe wa sauti wenye makelele matupu nisiweze kusikia neno. Kama umeshaanza kununua kadi zake niambie mapema, maana mama yako ameniuliza bahasha zinazoingia nyumbani ni za nini, na sijui nimjibu vipi.

Mjomba wako