Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: msipime wanaastronomia wetu kwa saitesheni peke yake

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu. Nafundisha fizikia kwenye chuo kikuu hapa Kenya, jina la chuo nitaliacha. Nakuandikia kuhusu vile watafiti wa astronomia wanapandishwa vyeo, ama tuseme vile wanakaa miaka hawapandishwi.

Iko hivi. Ukiitwa intavyuu ya promosheni unaleta machapisho yako, kila pepa ina pointi, alafu pointi zinagawanywa kwa idadi ya waandishi. Juu ya hapo wanaangalia h-indeksi, ile namba aliyoileta mwanafizikia Jorge Hirsch 2005: ukiwa na pepa 10 ambazo kila moja imerejelewa na watafiti wengine (hiyo ndiyo saitesheni) angalau mara 10, h yako ni 10. Hirsch mwenyewe kwenye makala ileile alisema namba moja haiwezi kumweleza mtu, ni makadirio tu, lakini paneli zinaishika kama matokeo ya KCSE.

Sasa chukua tukio la Agosti 17, 2017. Nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito sana ya nyota zilizokufa, zikagongana, mawimbi ya mvutano yakanaswa na vigunduzi vya LIGO kule Marekani, na darubini za dunia nzima zikageuzwa kutazama, za Afrika zikiwemo, SALT kule Sutherland Afrika Kusini na H.E.S.S. kule Namibia. Makala ya pamoja ina waandishi zaidi ya 3,000. Gawanya pointi kwa 3,000 uone unabaki na nini! Kijana wetu akikesha kwenye kazi kama hiyo anaambiwa hana kitu, na aliyeandika peke yake pepa ambayo hakuna aliyeisoma anapita.

Ama mwangalie Jocelyn Bell. 1967 alikuwa mwanafunzi wa PhD Cambridge, alishiriki kwa mikono yake kujenga darubini ya redio ya miti na nyaya kwenye uwanja, kisha kazi yake ikawa kukagua karatasi za chati, karibu mita 30 kila siku, mistari ya kalamu inapanda na kushuka. Akaona alama isiyofika sentimita moja, haifanani na kitu anachokijua angani wala na kelele za redio za binadamu, alafu inarudi sehemu ileile ya anga. Mwingine angeipita. Yeye aliing'ang'ania, na karatasi ilipoendeshwa kasi zaidi ikaonekana ni mipigo, mmoja kila sekunde 1.3 hivi, imepangika kabisa. Hiyo ndiyo pulsa ya kwanza, yaani nyota inayozunguka na kutuma mipigo ya redio. Makala ikatoka kwenye Nature Februari 1968, waandishi 5, msimamizi wake Antony Hewish wa kwanza, yeye wa pili, na Nobel ya 1974 ikaenda kwa Hewish na Martin Ryle. Kwa hesabu yetu Bell angepewa moja ya tano ya pepa moja. Mheshimiwa, hiyo kweli ni haki?

Na jambo hili linatugusa hapa hapa nyumbani. Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa maalum kwa astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Katalogi yake ya mwisho, yaani orodha ya ilivyoviona, ilitoka 1978 na vyanzo 339 vya eksirei, na mpaka leo vinaitwa kwa namba zinazoanza na 4U, hiyo U ni Uhuru. Mtu anaweza kuandika 4U 1820-30 kwenye kichwa cha pepa yake bila hata kuirejelea ile katalogi, manake jina limeshazoeleka, na hapo saitesheni haihesabu chochote. Mwenzangu mmoja alipeleka katalogi yake na programu aliyoandika ya kuchambua data, akajibiwa hizo siyo publikesheni.

Sisemi saitesheni zitupwe. Ile database ya bure ya makala za astronomia, ADS, unaifungua hata kwa simu unaona nani amemrejelea nani, inasaidia sana kujua kazi imefika wapi. Lakini iwe mwanzo wa kuuliza maswali.

Ninachoomba ni uongee na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu watoe waraka. Pepa ya waandishi wengi isigawanywe kibubusa, mtafiti aeleze kwa maandishi alifanya nini hasa na kiongozi wa mradi athibitishe. Katalogi, programu na vifaa vihesabiwe kama kazi. Paneli isome japo pepa tatu alizochagua mwombaji mwenyewe, kusoma kabisa siyo kuhesabu, na awepo mtu anayeijua astronomia. Kama hapa nchini hapatikani ambaye hajawahi kuandika pepa na mwombaji, aombwe mmoja Afrika Kusini, Zoom ipo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa fizikia, Kenya