Kocha wa taifa asipimwe kwa mizani ya klabu

Mhariri,

Kila Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, wanapopoteza mechi, hapa Kondele, Kisumu, husikika kauli moja: kocha apigwe kalamu, aletwe mwingine aliyetwaa mataji na klabu. Naipinga kauli hiyo, kwa sababu kazi hizo mbili hazifanani.

Mimi hufundisha vijana wa Nyalenda. Nimekaa nao miaka sita, hata winga wangu wa kushoto akiinua kichwa tu, mshambulizi huwa ameshaanza kukimbilia langoni. Mwaka jana niliombwa kuongoza kikosi cha wadi, vijana 18 kutoka timu saba, nikapewa mazoezi mawili tu. Siku ya mechi mabeki wangu wa kati, ambao ndio walikuwa bora zaidi mmoja mmoja, walikuwa hawajajuana vizuri. Ilipopigwa kona kila mmoja akamwachia mwenzake, tukafungwa. Kosa lilikuwa langu. Ningalichagua mabeki wawili wa timu moja, hata kama uwezo wao ni mdogo kidogo, kwa kuwa siku mbili hazitoshi kufundisha maelewano.

Vicente del Bosque aliijua siri hiyo. Uhispania iliposhinda Kombe la Dunia mwaka 2010, mabeki wake wa kati, Carles Puyol na Gerard Piqué, walitoka Barcelona, na mbele yao wakasimama Busquets, Xavi na Iniesta wa klabu hiyo hiyo.

Tumtazame pia Hervé Renard, aliyetwaa Kombe la Afrika na Zambia mwaka 2012 na Ivory Coast mwaka 2015. Katikati ya mataji hayo mawili aliiongoza klabu ya Sochaux ya Ufaransa ikashushwa ngazi, na baadaye mwaka huo wa 2015 Lille ikamfuta baada ya miezi michache. Lionel Scaloni naye aliipa Argentina Kombe la Dunia mwaka 2022 bila kuwahi kuwa kocha mkuu wa klabu ya ligi kuu. Tungalikuwa sisi tunaoajiri, barua zao zingalitupwa.

Benni McCarthy, akiwa kocha wa Harambee Stars, aliwafikisha vijana wetu robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wanaocheza ligi za nyumbani, mwezi Agosti 2025, wakazilaza Morocco na DR Congo kabla ya kutolewa na Madagascar kwa penalti. Kikosi hicho cha wachezaji wa nyumbani kilikaa pamoja kwa majuma kadhaa. Katika mechi za kufuzu, wachezaji wanaotoka ughaibuni huwasili siku chache tu kabla ya mchezo, na si haki kumdai kocha mchezo uleule.

Kwa hiyo naomba kurasa zenu za michezo zichapishe, kando ya matokeo ya kila mechi ya Harambee Stars, idadi ya siku ambazo kikosi kizima kilifanya mazoezi pamoja.

Mkufunzi wa vijana,
Nyalenda, Kisumu