Barua kwa somo yangu: Baba akiletwa KCMC

Longuo, Moshi

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, isipokuwa watoto wamefunga shule na nyumba haikaliki. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, nikaona mambo uliyouliza yakijibiwa kwa simu yatakatikakatika na vocha itaisha katikati. Kwanza pole sana kwa kuuguza. Mfikishie Baba shikamoo yangu, umwambie binti yake wa Moshi ameshamtandikia kitanda.

Umeuliza kama KCMC, hii hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Moshi, kwa vile ni ya kanisa, itamtibu bure, na kama ni kweli watamkata mguu kwa hicho kidonda cha kisukari. La mguu ni la madaktari, ingawa nina neno nalo huko mbele. La bure nalijua, maana ukikaa Longuo huwezi kuyakwepa mambo ya hospitali hii hata usipokuwa na mgonjwa.

Bure hakuna, somo. Huyo aliyekwambia hivyo anakuingiza mjini. Mwenye hospitali ni Shirika la Msamaria Mwema, la makanisa, na tangu ilipofunguliwa Machi 1971 haijawahi kuwa na mwenye hisa anayengoja gawio mwisho wa mwaka. Lakini dripu zinanunuliwa, umeme unalipiwa, na nguo za chumba cha upasuaji hazijifui zenyewe. Serikali inawalipa mishahara baadhi ya watumishi, kwa sababu kazi inayofanyika pale ni yake pia: ndiyo rufaa ya kanda nzima ya kaskazini, Kilimanjaro, Arusha, Tanga, na ninyi wa Manyara. Fedha nyingine zinatoka kwa bima, kwa wafadhili na kwa sisi tunaopanga foleni dirishani. Na ya wafadhili usiyategemee sana. Uliona mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, miradi ya UKIMWI nchini ilivyoyumba.

Sasa utaniuliza, kama nalipa kule na nalipa huku, kuna tofauti gani na hospitali ya mtu binafsi? Mimi tofauti naiona kwenye kazi ambazo mfanyabiashara asingezigusa. Nikupe mbili.

Ya kwanza inamhusu Baba moja kwa moja. Ndani ya eneo la hospitali kuna chuo wanachokiita TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa miguu na mikono bandia. Wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika, ndiyo maana kwenye daladala za hapa utasikia Kiingereza cha kila lafudhi. Kazi yao ni ya mikono hasa. Mgonjwa aliyekatwa hapewi mguu siku ile ile. Kigutu kinaachwa kipone, kinafungwa bendeji ya kubana ili uvimbe ushuke na kikae umbo zuri, halafu fundi anakizungushia plasta na kupata kalibu yake. Kutokana na kalibu hiyo kinamiminwa kigutu cha plasta, na juu yake ndipo plastiki iliyolainishwa kwa moto inavutwa mpaka ikamate. Mguu ukishaunganishwa, mtu anaanza kufundishwa kutembea akishikilia vyuma viwili, kama mtoto anayesimama dede. Na hapo shughuli haijaisha, maana kigutu hupungua unene, mguu unaanza kupwaya, inabidi kurudi ukarekebishwe. Kazi kama hiyo inakula muda na mafundi, na wanaoihitaji wengi ni vijana wa bodaboda walioanguka na wazee wa kisukari, watu wasio na kitu. Nani angeifungua kwa kutafuta faida?

Ya pili haimhusu Baba lakini nitaisema, kwa sababu inanifurahisha. Hapo hospitalini kuna pia chuo cha magonjwa ya ngozi, kilichoanza mwaka 1992, kinachotengeneza mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Yanaitwa Kilisun. Yanatengenezwa hapa hapa Moshi, na hayangoji kufuatwa: yanapelekwa kwenye kliniki za huko mikoani na kugawiwa bila malipo, na anayegawiwa anakaguliwa ngozi. Wewe umekulia Babati, unalijua jua la shambani. Mtu mwenye ualbino akilima bila kinga, saratani ya ngozi inamwanza mapema mno, na akifika hospitali kidonda kimeshakula sikio. Chupa ya mafuta ni rahisi kuliko upasuaji, na wala si rahisi kwa fedha tu.

Nirudi kwa Baba. Vidonda vya kisukari vina hila. Mishipa ya fahamu ya miguuni inakufa ganzi, mtu anakanyaga msumari hajui, anakuja kushtuka soksi imelowa. Kwa hiyo asikwambie "hakiumi." Kutokuuma ndiko kubaya. Usimruhusu atembee pekupeku hata ndani, wala mtu asikiwekee kidonda majivu au dawa ya sokoni. Si kila kidonda kinaishia kwenye msumeno. Vingi vinasafishwa, sukari inashushwa, vinafunga. Kinachokata miguu ya watu wengi ni kuchelewa, na kuchelewa kwenyewe aghalabu ni kwa ajili ya kuogopa gharama, au kuogopa hilo neno "kukatwa." Ndiyo maana nimekwandikia habari za karakana ya miguu bandia kwa kirefu. Msomee. Namjua Baba, atanyamaza kwanza halafu ataanza kuuliza hiyo plastiki ni ya aina gani.

Kuhusu fedha, sikiliza vizuri. Kama kadi ya bima ipo, anza na hospitali yenu hapo ili mwondoke na barua ya rufaa. Usiwe kama wale wanaopanda basi moja kwa moja wakidhani wakifika watapokelewa kwa huruma. Hii ni hospitali ya kanda. Utaratibu wake ni kupokea walioshindikana chini. Kama bima hamna na mfuko umetoboka, nenda ofisi ya ustawi wa jamii mapema, siku ile ile ya kulazwa. Hapo ndipo watu wetu wanapokosea: wanakaa kimya kwa aibu, bili inapanda, halafu siku ya kuruhusiwa ndiyo wanaanza kulia. Maofisa wa ustawi kazi yao ni kukaa na familia, kuangalia nani ana uwezo wa kiasi gani, na kuamua kama ni msamaha, ni punguzo, au ni kulipa kidogo kidogo. Baba amepita miaka 60, na sera ya nchi inawatambua wazee wasio na uwezo; njoo na kitambulisho chake, na barua ya mwenyekiti wa kijiji inayoeleza hali yenu. Usiikunje kunje mfukoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023 na huenda haya mahangaiko yakapungua, ila Baba hawezi kukaa akingoja.

Halafu damu. Wakisema anaweza kuhitaji, usidhani unaombwa rushwa. Damu haiuzwi, ila lazima itoke kwa mtu. Mwambie mdogo wetu wa kiume asije mikono mitupu. Mume wangu naye atachangia, ameshakubali. Kituo cha damu salama cha kanda kiko hapa hapa Moshi.

Kulala usiwaze, utalala kwangu. Huku Longuo kila nyumba ina mgeni wa hospitali. Jirani yangu wa kulia amempangisha chumba mwanafunzi wa udaktari, wa kushoto ana shemeji yake kutoka Lushoto anayeuguza mtoto, na jioni tunakutana njiani kila mmoja na hotpoti yake. Kina mama lishe wa huku wanajua nani kakatazwa chumvi na nani anatakiwa uji usio na sukari. Sijui kama wenye hospitali wanayaandika haya kwenye taarifa zao za mwaka. Wangepaswa, maana bila mitaa hii wauguzaji wa kutoka mbali wangekosa pa kujinyoosha. Na sisi tunakula kutokana na hospitali: vyumba, chakula, bodaboda, sabuni, vocha. Tunasaidiana, na tunapatiana fedha, sioni haja ya kuficha.

Mtori nitapika mimi. Ndizi zina wanga, kwa hiyo tutamuuliza mtaalamu wa lishe kiasi chake kwanza. Akikataa kabisa, wewe na mimi tutakula kwa niaba yake.

Mje na vidonge vyote anavyotumia, na makopo yake, siyo majina ya kukumbuka kichwani. Daftari la kliniki ya sukari pia, kanga za kutosha, ndoo ndogo, na sweta, maana huku asubuhi kuna baridi. Kutoka Arusha hadi hapa ni kama kilomita 80, lakini magari yanasimama njiani. Panda la mapema. Mkipita Boma Ng'ombe nipigie, nitakuja kuwapokea stendi.

Nijibu kabla ya Ijumaa unijulishe rufaa imetoka au bado.

Ni mimi somo wako,
Mama wawili

T.N. Yale maharage uliyoniahidi mwaka jana yafunge kwenye begi la Baba, wewe huwa unasahau.