Kabla hujatoa dola za karti mpya

Bukavu, Jumapili jioni

Rafiki yangu Furaha,

Jambo yako, na jambo ya watoto. Barua yako imenifikia Alhamisi kwa boti. Unasema mashine ya kufulia imezimika kimya tangu kuransi ilipokatika na kurudi kwa kishindo, na fundi anataka dola 120 za karti mpya, ule ubao wa umeme ulio ndani ya mashine. Usimpe kwanza. Yangu ilikufa vivyo hivyo mwezi uliopita, na mvua ya Bukavu unaijua: nguo nilizofua kwa mkono zilikaa siku tatu kwenye kamba na bado zilinuka.

Niliifungua mwenyewe. Nilichomoa waya ukutani, nikasubiri robo saa, kisha nikaipima ile kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza umeme, kwa testa (kipimo cha volti) kabla ya kugusa kitu. Umeme wetu wa volti 220 ukishanyooshwa humo ndani, yaani ukigeuzwa uende upande mmoja tu, hufika volti 310 hivi, na huweza kubaki mle hata waya ukiwa mkononi mwako. Nilikuta volti 40. Nikazimaliza kwa rezista, kile kipande kinachoutoa umeme polepole, nikapima tena. (Mama angeniona angenichapa.)

Ugonjwa ulionekana kwa macho. Pale umeme unapoingilia kwenye karti kulikuwa na kidonge cha buluu, kama kifungo cha koti, kimepasuka na kujaa masizi. Hiyo ni varista. Siku za kawaida imelala tu. Volti zikiruka, inafunguka na kuubeba umeme wa ziada yenyewe, na ukizidi nguvu zake fyuzi inakatika. Basi mlinzi alikufa kazini, mwizi alikuwa nje. Fundi wa jirani alinishauri niitoe, kisha niunge fyuzi kwa kipande cha waya. "Itawaka, mama." Itawaka kweli, na nyumba pia!

Nikaenda Kadutu, sokoni, kwa kijana anayeuza karti kuukuu. Akanitolea kidonge cha buluu ile ile, ukubwa ule ule. Pesa zilikuwa tayari mkononi. Nikakigeuza: 14D241K. Changu kilikuwa 14D471K. Hiyo 14 ni upana kwa milimita. 471 husomwa 47 na sifuri moja, yaani volti 470. Hicho chake kilikuwa cha volti 240, kimetoka kwenye chombo cha nchi za volti 110. Umeme wetu wa 220 hupanda na kushuka, na kilele chake ni volti 311; kingelipuka papo hapo. Kijana hakutaka kunidanganya, naye aliangalia rangi tu. Tulichambua sanduku zima mpaka tukapata.

Kulehemu hakukunichukua hata dakika kumi. Nikaweka fyuzi mpya ya kipimo kile kile, kisha nikawasha kwanza kupitia glopu ya zamani ya wati 60 iliyofungwa kwenye njia ya umeme. Ikamulika mara moja, ikafifia. Ingebaki inang'aa sana, ningejua kuna shoti bado.

Kwa hiyo fungua uangalie. Ukikuta varista nzima na fyuzi nzima, basi huenda fundi wako ana haki. Ukikuta masizi, niandikie namba ya kidonge na ya fyuzi (yangu ilikuwa T3.15A), na kama namba zimeungua, tafuta mtu mwenye mashine ya aina hiyo hiyo usome namba za yake. Nitakutumia vidonge viwili kwa boti, kimoja cha akiba.

Wako,
Neema