Idi, ufunge huo mlango

Kwako Idi,

Salamu sana. Huku wote wazima, mengine tutazungumza. Nakuandikia haraka kwa sababu ya ujumbe wako wa jana usiku, ule wa kujisifu kwamba umefungua mlango wa 3389 kwenye ruta ya mzee, yaani namba inayotumiwa na Remote Desktop, njia ya Windows ya kuendesha kompyuta kwa mbali, ili uione kompyuta yake ukiwa kwako. Kaufunge leo. Si umo ndani tayari? Fungua ukurasa wa ruta ukiwa humohumo, futa ulichoweka. Utajikuta umejifungia nje, na ndivyo inavyotakiwa.

Namba hiyo inajulikana dunia nzima. Kuna programu zinazozunguka kwenye intaneti usiku na mchana zikiibishia hodi na kujaribu manenosiri, na nenosiri la mzee, tusidanganyane, ni jina la mjukuu. Tena wakati mwingine hata nenosiri halihitajiki: Mei 2019 Microsoft walilazimika kutoa kiraka (marekebisho ya usalama) hata cha Windows XP, waliyokuwa wameshaitupa, kwa ajili ya tundu la namna hiyo kwenye Remote Desktop. Na huo ushauri wa Rashidi wa kubadilisha namba ya mlango, mwachie mwenyewe. Wanapima milango yote.

Halafu hata ungekuwa salama, haikufai. Ukiingia kwa njia hiyo, skrini ya mzee inajifunga. Wewe unabofya, yeye anatazama ukurasa wa kuingilia. Sasa utamfundishaje kuambatisha picha?

Tumia Quick Assist, programu ya Microsoft ya kumsaidia mtu kwa mbali, mara nyingi imo kwenye Windows. Abonyeze Ctrl, Windows na Q kwa pamoja. Wewe unaingia kwa akaunti yako ya Microsoft, unapata msimbo, unamsomea kwa simu, anauandika, anakubali. Ukitaka kushika kipanya chake unaomba, anakubali tena. Ruta huigusi, maana kompyuta zote mbili zinatoka nje na kukutana kwenye seva katikati. Ila ukiona skrini yako imekuwa nyeusi ghafla, usianze kulaani mtandao. Kwake kimetokea kile kidirisha cha kuomba ruhusa, na wewe huruhusiwi kukiona. Mwambie abonyeze yeye. (Najua, "kipi, hiki cha kushoto?" Vumilia.)

Ukitaka kuingia wakati hayupo, Chrome Remote Desktop, programu ya Google ya kazi hiyohiyo, inatosha: namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi, na isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Zima na ile tabia ya kompyuta kulala, la sivyo utaikuta haipatikani kila unapoihitaji.

Jambo moja linanisumbua kuliko hata huo mlango. Ukishamzoesha mzee kuandika msimbo anaosomewa kwa simu, atakuja tapeli ajiite fundi wa Microsoft, naye ataandika vilevile. Mwambie asipokee msimbo wa mtu yeyote ila sauti yako, na awe amekupigia yeye. Yaliyompata mama Zuhura unayakumbuka.

Sasa niambie: huo mlango ulikaa wazi tangu lini? Rashidi naye analo nenosiri? Mzee mwenyewe anajua kwamba unaweza kuingia akiwa hayupo, au ulimwambia tu "nakutengenezea"? Na umeshafunga, au bado unasoma?

Wako,
Musa