Malalamiko kuhusu uchukuaji wa taka hatarishi na kutopewa hati za utupaji wake

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Tunaandika kulalamikia namna wafanyakazi wako walivyochukua taka za kemikali katika kiwanda chetu cha kupaka vyuma kromi na zinki, na zaidi ya hapo, ukimya wa ofisi yako tangu gari lilipoondoka.

Mapipa ya sianidi tulikuwa tumeyatenga na mapipa ya asidi, kila moja likiwa na lebo, kwa sababu anayoijua kila mtu wa kazi hii: vitu hivyo vikikutana hutoa gesi ya haidrojeni sianidi, ambayo huweza kuua kwa dakika chache. Dereva wako aliyapakia pamoja, yamegusana, na msimamizi wetu alipopinga akajibiwa kwamba safari ni fupi.

La pili ni zito zaidi. Kwa mujibu wa mkataba, mlipaswa kuturudishia hati ya ufuatiliaji iliyosainiwa na kituo kilichopokea taka, pamoja na cheti cha utupaji. Tulichopata ni ankara tu, iliyoandikwa "taka mchanganyiko". Maneno hayo yanatutia hofu, kwa kuwa taka hizi hazisafishwi kwa njia moja: sianidi huvunjwa kwa klorini katika maji yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) inayozidi 10, ilhali kromiamu sita, aina ya kromiamu iliyo na sumu kali, kwanza hugeuzwa kuwa kromiamu tatu, yenye sumu ndogo zaidi, katika maji yenye asidi, ndipo alkali iongezwe ili itue chini kama tope. Kituo kilichopokea "mchanganyiko" ama kilizitenganisha upya, jambo ambalo tungefurahi kuliona kwa maandishi, ama hakikuzisafisha.

Mwaka 2006 mjini Abidjan, taka za meli ya Probo Koala zilikabidhiwa kwa mkandarasi, zikaishia kumwagwa sehemu mbalimbali za mji, na lawama hazikumwishia mkandarasi peke yake. Nasi tukiulizwa taka zetu ziko wapi, ankara yenu haitakuwa jibu.

Tunataka, ndani ya siku 14, hati iliyosainiwa, jina la kituo, uzito uliopimwa wakati wa kupokelewa na njia iliyotumika kwa kila aina ya taka. Ikiwa mapipa bado yako katika yadi yenu, tuambieni leo, tuje kuyakagua. Hadi hapo ankara haitalipwa wala hatutawakabidhi pipa jingine, na nakala ya barua hii tumeipeleka kwa mamlaka ya mazingira.

Wako katika kazi,
Meneja wa Usalama na Mazingira